Wewe Si Mgeni wa Kwanza wa Ndege Huyo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wapiga Picha za Ndege

Mtoto mwenye manati ana lawama zake, lakini leo simsemi yeye. Nawasema watu wazima wenye lenzi ndefu, kofia za jua na nia njema, wanaowapenda ndege mpaka wanawaponza. Kila mmoja hufika na hesabu yake kichwani: niko peke yangu, dakika tano tu, picha moja naondoka. Ndege hana hesabu hiyo. Yeye amekuwa akiwahesabu tangu alfajiri, na huenda wewe ni wa saba.

Nimeongoza watu kwenye misitu na mikoko ya Pwani kwa miaka mingi. Madhara ninayoyaona ni yaleyale kila msimu, na hakuna hata moja lililohitaji utaalamu kulizuia. Akili unayo, basi soma na ufuate.

UKIMKARIBIA NDEGE

Fanya

Msome ndege kabla ya kuinua kamera. Mtazame kwa darubini ukiwa mbali. Anakula? Analisha? Amepumzika? Ukishajua alichokuwa akifanya, utajua pia ni wakati gani ameacha kukifanya kwa sababu yako. Akiacha, umekaribia kupita kiasi. Rudi nyuma.

Jifunze dalili za hofu. Anayenyoosha shingo, anayebana manyoya mwilini, anayesimamisha kishungi, anayerudia mlio mmoja mfupi: huyo anakuomba uondoke. Wengine hujisaidia ghafla, maana hupunguza uzito kabla ya kuruka. Ukingoja mpaka aruke ndipo ujue umekosea, umechelewa.

Usidanganywe na utulivu wa bundi. Bundi wa Sokoke ni mdogo, hazidi urefu wa kiganja kilichonyooshwa, na mchana hulala chini kwenye vichaka vya msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukimsogelea huinuka wima, hujikondesha, hufumba macho yakabaki mistari miwili myembamba. Wageni hunong'onezana kwamba amesinzia na wanasogea hatua nyingine mbili. Hajasinzia. Anajifanya tawi kavu kwa sababu anaogopa, na hiyo ndiyo silaha yake pekee. Picha ya bundi aliyejikondesha ni picha ya bundi aliyesumbuliwa. Anayewajua bundi ataisoma hivyo, hata ukiandika chini yake maneno matamu kiasi gani.

Keti, ngoja, mwache yeye aje. Katika hori la Mida, karibu na Watamu, maji yakianza kujaa huwasukuma kitwitwi na sululu kutoka kwenye matope ya mbali hadi ufukoni. Aliyeketi mahali pazuri mapema, akatulia, atawapata mita chache mbele yake bila kuinua unyayo. Wavuvi wa pale wanalijua hilo tangu utotoni. Mwenye lenzi ya bei ya shamba halijui, ndiyo maana utamkuta amezama magotini kwenye tope akiwakimbiza.

Tumia gari au mtumbwi kujificha. Ndege wengi huliogopa umbo la mtu anayetembea kuliko gari lililosimama. Zima injini, tulia ndani, weka lenzi dirishani. Ukifungua mlango umeharibu kila kitu.

Usifanye

Usimrushe ndege ili upate picha ya mabawa. Heroe hawezi kupaa kutoka pale aliposimama. Lazima akimbie juu ya maji kwanza. Kila unapopiga makofi ili kundi zima liinuke, umewapiga mbio maelfu na kuwaondoa kwenye chakula. Dereva anayepiga honi kando ya ziwa ili wageni wafurahi anastahili kuambiwa hapohapo, mbele ya wageni wake.

Usiwaamshe ndege wa pwani waliopumzika maji yakijaa. Wakati huo matope yamefunikwa, hawana pa kula, wanachofanya ni kutunza nguvu. Mwezi wa tatu na wa nne ni mbaya zaidi, maana wanajaza mafuta mwilini ya kuwafikisha kwenye mazalia yao, baadhi yao mpaka Siberia. Hata yule mweupe mwenye mgongo mweusi anayekula kaa, anayekuja Mida kutoka pwani za Ghuba na Bahari ya Shamu, ana safari ya kurudi. Mafuta unayomchomesha leo kwa kumrusha mara tatu hutamlipa wewe.

Usirushe droni juu ya kundi. Ndege akiona kitu kinaning'inia angani anaona mwewe. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutegemea Ziwa Natron kwa kuzaliana. Hujenga vichuguu vya tope juu ya magadi, kila kimoja na yai moja. Kundi likishtuka pale, mayai hubaki wazi na makinda hukanyagwa. Zaidi ya hayo, Kenya na Tanzania zote mbili zinataka kibali cha droni, na ndani ya hifadhi unahitaji ruhusa ya hifadhi yenyewe. "Sikujua" haikubaliki.

Usimzingire. Mwachie ndege upande mmoja wa kutokea. Kwenye kinamasi cha Mabamba, Uganda, mtumbwi mmoja ukimwona korongo nyangumi, mingine huitwa kwa simu, na muda si mrefu ndege amewekwa katikati. Yule husimama kimya kwa muda mrefu akivizia kambare mamba. Mitumbwi ikimzunguka hapati samaki, na nyie mnasifiana kwa subira. Ukikuta wenzako wameshafika, subiri nyuma au nenda kwingine.

KWENYE KIOTA

Fanya

Ukigundua kiota, ondoka kwa njia uliyojia. Hilo ndilo agizo zima. Kama picha lazima, ipige ukiwa mbali wakati unaondoka.

Zijue ishara za kiota usichokiona. Ndege mwenye mdudu mdomoni asiyemmeza ana makinda karibu, na anakungoja wewe uondoke. Ndege anayejikokota ardhini akiburuta bawa kana kwamba limevunjika hajaumia. Anakuvuta mbali na mayai. Mtu mwenye busara hugeuka polepole, huangalia kila anapokanyaga, huenda zake. Mtu asiye na busara humfuata akipiga video ya "ndege mgonjwa", na mayai yako chini ya kiatu chake.

Angalia unapokanyaga kwenye kingo za maziwa na mito. Kuna ndege mdogo wa mchangani aitwaye Kittlitz ambaye, akishtushwa kwenye mayai, huyasukumia mchanga kwa miguu haraka mpaka yafunikwe, ndipo akimbie. Kazi hiyo huimaliza kwa sekunde chache. Unapoona mchanga mtupu mbele yako, yeye anaona watoto wake.

Tazama juu kabla ya kutazama chini. Yule kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa amejaa Pwani nzima, ni mwizi wa mayai na makinda, tena ni mwerevu. Humwangalia mtu anachokiangalia. Ukisimama dakika kumi mbele ya kichaka kimoja, umemwonyesha. Wewe utaondoka na picha yako, yeye atashuka.

Usifanye

Usikate wala kufunga majani ili kiota kionekane. Yale majani ndiyo paa na ndiyo maficho. Jua la saa sita mchana huua kinda asiye na manyoya kwa muda mfupi sana. Nimewahi kukuta kiota cha chozi kimefunguliwa vizuri kwa mkasi, matawi yamelazwa pembeni kwa utaratibu, na makinda mawili yamekauka. Aliyefanya hivyo bila shaka alipata picha kali.

Usisimame mbele ya tundu la hondohondo. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa ukabaki ufa mwembamba, na kwa majuma mengi yeye na makinda hula kwa mdomo wa dume peke yake. Kwenye misitu ya Usambara dume hubeba matunda kooni, akafika ufani na kuyatema moja moja, jike akiyapokea. Akikuona umesimama chini na tripodi yako, haji. Hukai pale kwa sababu umempenda. Unakaa kati ya mama na chakula chake.

Usiguse, usihamishe, usipange. Makinda yaliyopangwa mstari kwenye tawi, yote yakitazama kamera, hayakujipanga. Kinda aliyekwisha kutolewa kiotani mara nyingi hakai tena humo hata ukimrudisha.

Usishuke kwenye visiwa vya buabua wakati wa kuzaa. Kwenye visiwa vidogo vya mawe kama Kisite, karibu na Shimoni, mayai hulazwa juu ya mwamba mtupu. Mzazi anayeatamia huwa pia anayakinga na jua. Ukishuka, kundi zima huinuka, kelele tele, picha tele, na mayai yanaiva juani.

SAUTI, MWANGA NA CHAMBO

Fanya

Sikiliza kwanza. Anayejua milio kumi ya msitu wake ataona ndege wengi kuliko mwenye spika mfukoni. Rekodi sauti ukipenda. Kurekodi hakumdhuru mtu.

Piga kwa mwanga uliopo. Kamera za sasa, hata simu nyingi, zinaona gizani kuliko jicho lako. Picha yenye chengachenga ya ndege aliyetulia ni bora kuliko picha safi ya ndege aliyepofushwa.

Patana na nahodha au dereva kabla ya safari. Mwambie wazi: hatutaki kurusha ndege, hatutaki chambo, hatutaki kutoka barabarani. Wengi hufanya hayo kwa kudhani wageni wote wanayataka. Ukinyamaza, umeyataka.

Usifanye

Usimchezee ndege sauti yake. Dume akisikia mlio wa dume mwingine kwenye eneo lake huacha kula, huacha kulisha, na kuanza kumtafuta adui asiyekuwepo. Wewe umecheza mara mbili tu? Kundi la jana lilicheza mara mbili, na la juzi pia. Ndege wanaojulikana mahali fulani huchezewa hivyo msimu mzima. Na ile mbinu ya kuiga mlio wa bundi mdogo ili ndege wote wa kichakani waje kumzomea, iache wakati wa kuzaa. Unawatoa kwenye mayai kuja kupigana na simu.

Usitumie flashi kwa bundi na ndege wengine wa usiku. Anaishi kwa macho yake. Ukimpiga mwako akiwa tawini, kwa muda fulani haoni vizuri, na akiruka anaruka kwa kubahatisha. Kurunzi nayo isimwelekee usoni.

Usitumie chambo. Ziwa Naivasha kuna mtindo mkongwe: nahodha ana samaki aliyetiwa kipande cha bua la mafunjo ili aelee, anapiga mluzi, anamrusha majini, na kwazi anashuka juu yake huku kamera zikilia. Kila mgeni anarudi na picha ileile, pembe ileile, matone yaleyale. Umemfundisha kwazi kuitikia mluzi na kusogelea boti, na siku moja boti itakuwa ya mtu mwenye nia nyingine. Kama ulilipia mchezo huo, andika hivyo kwenye picha. Usiandike "uwindaji porini."

MAHALI NA WENYEJI

Fanya

Omba ruhusa. Shamba lina mwenyewe hata kama halina ua. Piga hodi, salimia ipasavyo, eleza unachotafuta, onyesha picha kwenye kamera. Mzee aliyeheshimiwa ataulinda mti wenye viota. Mzee aliyedharauliwa ataukata, na ana haki ya kuukata.

Ajiri kiongozi wa mahali pale. Anajua bundi amelala wapi leo na amesumbuliwa mara ngapi wiki hii. Akisema "leo hatuendi kwake," amefanya kazi uliyomlipia.

Usifanye

Usimwahidi kiongozi bakshishi nono ili akusogeze. Ana ada ya shule ya kulipa na wewe unajua. Ukimwonyesha noti, uamuzi ni wako, na lawama pia ni yako. Mlipe vizuri kwa kukukataza.

Usisahau wanyama wengine. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha akipiga picha. Jicho likiwa kwenye kamera, miguu haina mlinzi. Mmoja apige, mwingine aangalie.

Usielekeze lenzi ndefu kwenye kambi za jeshi, bandari, viwanja vya ndege na madaraja nyeti. Ndiyo, mabwawa ya maji taka na nyasi za viwanja vya ndege vina ndege wengi. Askari wa zamu haoni ndege, anaona lenzi. Pata kibali kwanza au pita.

KUTAMBUA NA KUANDIKA

Fanya

Andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, idadi, alikuwa anafanya nini. Picha isiyo na tarehe ni pambo la ukutani. Mtafiti hawezi kuifanyia chochote.

Andika na wale wa kawaida. Shore, hua, kwera, yangeyange, mbayuwayu: hao ndio watakaotuambia nchi inabadilika vipi. Ramani ya Ndege wa Kenya, iliyoanza 2013, imegawa nchi katika miraba ya takribani kilomita 9 kwa 9, na orodha ya asubuhi moja nyuma ya nyumba yako ina nafasi yake humo. Upande wa Tanzania, Atlasi ya Ndege imekuwa ikikusanya taarifa za namna hiyo tangu miaka ya 1980. Anayeandika ndege adimu peke yake anatuambia habari za safari zake tu.

Ukiona pete mguuni, piga picha ya pete. Namba yake ikisomeka, ndege huyo ana historia. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wahamaji wanaovutwa na taa usiku wa ukungu wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969. Picha ya kawaida ya ndege wa kawaida yaweza kuunganisha nchi mbili.

Wasikilize wanaoishi na ndege. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini katika milima ya Udzungwa waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya kitoweo. Ilikuwa ya kwale ambaye sayansi ilikuwa haijamjua. Mpishi hakushangaa. Mwenyeji akikupa jina la ndege, liandike kama alivyolitamka, na mwulize anaonekana miezi gani.

Usifanye

Usikisie jina ili uonekane mjuzi. Programu ya simu inakisia pia, tena inakisia kwa kujiamini. Haijui kwamba uko Tanga na ndege iliyemtaja hajawahi kutoka Ethiopia. Andika "sijamtambua," weka picha ya mgongo, ya kichwa na ya miguu, ngoja wenzako. Jina lisilo sahihi likiingia kwenye rekodi hukaa humo miaka.

Usimtengeneze ndege kwenye kompyuta. Kupunguza giza sawa. Kukata ukingo sawa. Kuongeza rangi asiyokuwa nayo, kumhamishia tawi zuri, kumfuta mwenzake: huo ni uwongo, na kesho mtu atautumia kama ushahidi.

Usimwite wa porini aliye kizuizini. Kama alikuwa kwenye banda, sema banda.

KUWASHIRIKISHA WENZAKO

Fanya

Taja eneo pana. "Wilaya ya Muheza" inatosha. "Mwembe wa tatu nyuma ya zahanati" ni mwaliko. Kumbuka unamwalika kila mtu atakayesambaziwa, na wewe hutakuwepo kuwapanga foleni.

Chelewesha. Ndege wa kiotani, bundi aliyezoea mti mmoja, mgeni adimu aliyechoka na safari: ngoja mpaka msimu upite au aondoke. Picha haichachi.

Futa namba za GPS. Simu yako huweza kuziandika ndani ya picha bila kukuuliza. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida huondolewa, ukiituma kama faili zinakwenda nayo. Zima kipengele hicho kwenye kamera ya simu, mambo yaishe. Halafu itazame picha yenyewe: mbuyu mmoja unaojulikana nyuma ya ndege unatosha kumfikisha mtu.

Peleka habari nyeti panapohusika. Viota vya kwera wa Clarke, ndege wa Kilifi peke yake, havikujulikana mpaka 2013 vilipoonekana kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha. Habari za namna hiyo wape watafiti, mamlaka za wanyamapori au vyama kama Nature Kenya. Ndio wenye uwezo wa kuomba mahali palindwe. Kundi la watu mia mbili kwenye simu halilindi kitu.

Sema picha ilivyopatikana. Ulikuwa kwenye kibanda, ulikuwa garini, uliongozwa na nani. Wanaoanza wanajifunza kwako utake usitake.

Msahihishe mwenzako faraghani, kwa heshima, mara moja. Akirudia, msahihishe mbele ya wote.

Usifanye

Usitaje mahali pa ndege anayewindwa. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Congo na Uganda ananaswa kwa ulimbo na nyavu, na biashara ya kimataifa ya kasuku hao wa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 2016. Wategaji nao wana simu, nao wanajua kusoma. Picha ya mti wanapolala kasuku, pamoja na jina la kijiji, ni ramani ya bure.

Usimtangaze bundi mtaani. Unajua tunavyosema juu ya bundi akilia juu ya paa. Wewe umeweka picha kwa furaha kwenye kundi la wakazi. Jirani yako amesoma habari ya msiba unaokuja, na jioni kuna watu chini ya mti na mawe mikononi. Kama umemwona, nyamaza. Kama wamekwisha kumwona, waeleze panya anaowamaliza.

Usisifu picha ya korongo taji bustanini kwa mtu. Ndege huyo aliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka mwaka 2012, na moja ya sababu ni kuchukuliwa makinda kwenye vinamasi na kuuzwa kwa wanaotaka pambo la nyumba au hoteli. Rwanda ilianza mwaka 2014 kuwasajili waliofugwa na kuwarudisha porini wale walioweza kuishi huko. Kila sifa unayoiweka chini ya picha hiyo inamwambia mtu mwingine kwamba naye anahitaji wawili.

Usimbane aliyekataa kukutajia mahali. Hakunyimi wewe. Anawanyima wale mia watakaokuja nyuma yako, na hawezi kuwatenga na wewe.

UKIKUTA MADHARA

Fanya

Piga picha ya ushahidi na toa taarifa. Tumbusi kadhaa waliokufa kando ya mzoga mmoja maana yake ni sumu, mara nyingi iliyowekwa kwa ajili ya simba au fisi. Andika mahali na saa, mpigie askari wa wanyamapori, wazuie watu na mbwa wasisogee. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hapa namba za GPS zinatakiwa, na zinatakiwa haraka.

Usifanye

Usiguse. Sumu iliyomwua tumbusi yaweza kukudhuru nawe.

Usiokote kinda mwenye manyoya aliyekaa chini. Mara nyingi anajifunza kuruka na wazazi wako karibu wakikusubiri uondoke. Kama yuko barabarani, msogeze kichakani hapohapo, basi. Kumpeleka nyumbani kumlisha mkate na maziwa ni kumwua polepole.

KABLA YA KUTUMA

Jiulize maswali matatu. Ndege alikuwa anafanya nini nilipoondoka: kilekile alichokuwa akifanya nilipofika? Mtu asiye na adabu akiipata picha hii, inamfikisha wapi? Na wakija watu ishirini wakafanya kama nilivyofanya, kesho kutwa ndege atakuwepo?

Ukiwa na jibu baya hata kwa swali moja, usitume. Picha zako nyingine ziko palepale kwenye kadi, na kundi litaishi bila hiyo moja.